Dalili za Kukoma Hedhi Zisizotajwa Sana: Namna ya Kuzitambua na Kuzikabili

Nilipokuwa na miaka 47, asubuhi moja nilishindwa kufunga sidiria. Mkono wa kulia ulifika usawa wa kiuno ukagoma kwenda nyuma zaidi, na nilipojaribu kuulazimisha nilipatwa na maumivu yaliyonikalisha kitandani. Nilidhani nimelalia vibaya. Wiki chache baadaye moyo ulianza kunienda mbio saa nane za usiku, kisha ulimi ukawa unawaka kana kwamba nimetafuna pilipili mbuzi, na juu ya hayo mkojo ukawa unanichoma kila baada ya miezi miwili. Katika mwaka ule nilitibiwa malaria mara tatu, mbili kati ya hizo bila kupimwa, nikachomwa sindano za maumivu ya bega, na nikameza dozi nne za antibiotiki. Katika zahanati na maduka ya dawa niliyopita hakuna aliyeniuliza siku zangu zinakwendaje, nami sikusema, kwa kuwa sikujua kwamba bega, moyo, ulimi na hedhi vinaweza kuwa na chanzo kimoja.

Joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni linafahamika, hata mabinti zetu hulitambua wanapotuona tukijipepea kwa ncha ya kanga. Mwongozo huu unahusu zaidi zile dalili ambazo mwanamke huzipeleka moja moja kwa mtaalamu tofauti, bega kwa daktari wa mifupa, ulimi kwa daktari wa meno, moyo kwa mganga au kwa shehe. Ninasisitiza mambo mawili. Dalili hizi ziwekwe pamoja kwenye ukurasa mmoja ili zieleweke, na isiwepo hata moja inayohukumiwa kuwa ni ya kukoma hedhi kabla ya magonjwa yanayofanana nayo kuchunguzwa.

Estrojeni, homoni inayotengenezwa zaidi na vifuko vya mayai, haifanyi kazi kwenye mji wa mimba pekee. Ubongo, moyo, mishipa ya damu, maungio, ngozi, kinywa, macho, kibofu na uke vyote vina vipokezi vyake. Katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi homoni hii haishuki polepole kama maji ya mtungi unaovuja, bali hupanda na kushuka bila mpangilio, na ndiyo maana dalili huja kwa mkupuo, hutoweka, kisha hurudi wakati ambapo umekwisha kuamini kwamba umepona.

Hatua ya 1: Jua umefikia wapi

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama vile ujauzito, kunyonyesha au dawa. Wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Dalili, hata hivyo, huanza mapema kuliko hapo, mara nyingi miaka kadhaa kabla, wakati hedhi bado inakuja lakini imebadilika: inachelewa, inakaribiana, inakuwa nyepesi mwezi huu na nzito mwezi ujao. Ikiwa una miaka 44 na bado unaona siku zako, hiyo si sababu ya kusema kwamba unayoyapata hayahusiani na homoni.

Wapo ambao kalenda haiwezi kuwasaidia. Aliyeondolewa mji wa mimba lakini akabakishiwa vifuko vya mayai hana hedhi ya kuhesabu, ingawa homoni zake bado zinafanya kazi na zitapungua kwa wakati wake. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango, kijiti au kitanzi chenye homoni anaweza kukaa miaka bila damu, na hiyo haimaanishi kwamba amekoma. Aliyeondolewa vifuko vyote viwili vya mayai hukoma siku hiyohiyo ya upasuaji, na dalili zake huwa kali kwa sababu mwili haukupewa muda wa kuzoea. Na yule ambaye hedhi imemkatika kabla ya miaka 40 asisubiri hata kidogo, aende hospitali, kwa kuwa mifupa na moyo wake vinahitaji kulindwa kwa miaka mingi iliyo mbele yake.

Jambo moja husahaulika mno: hedhi inayoruka miezi haikuzuii kushika mimba. Kinga huendelea kuhitajika mpaka mwaka 1 upite bila hedhi kwa mwenye zaidi ya miaka 50, na miaka 2 kwa mwenye umri chini ya hapo.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Nunua daftari la kawaida la shule na uandike kila siku kwa wiki 6 hadi 8. Usiandike insha. Andika tarehe, kama umeona damu na kwa kiasi gani, umelala kwa muda wa saa ngapi, dalili gani imekuja saa ngapi na imekaa muda gani, na ulichokula, kunywa au kumeza kabla yake. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi: "Jumanne. Hedhi siku ya 2, nyingi. Usingizi wa saa 4 tu. Moyo kwenda mbio saa 8 usiku, dakika 10, bila maumivu. Ulimi kuwaka tangu alasiri, umezidi baada ya achari ya embe. Kahawa vikombe 3. Diklofenaki 1 kwa ajili ya bega." Nilipoyasoma majuma sita kwa pamoja niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona nilipokuwa ndani yake, kwamba siku mbaya za moyo, ulimi na hasira zilikuwa zikikutana wiki moja kabla ya hedhi, na kwamba nilikuwa nikimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, karibu kila siku pasipo kuandikiwa na daktari.

Hatua ya 3: Tenga mambo yasiyosubiri daftari

Kabla ya kuendelea, soma sehemu hii mara mbili, kwa sababu uzito wake ni mkubwa kuliko sehemu nyingine zote.

Damu yoyote inayotoka baada ya miezi 12 ya kukoma, hata tone moja kwenye nguo ya ndani, ni ya kupelekwa hospitali. Nimewasikia wanawake wakifurahi kwamba "damu imerudi, bado mimi msichana," na mmoja wao alikuwa jirani niliyempenda sana, ambaye alifika kwa daktari akiwa amechelewa. Mara nyingi chanzo huwa ni kukonda kwa ngozi ya uke au kinyama kisicho na madhara, lakini saratani ya mji wa mimba na ya mlango wa kizazi nazo hujitangaza hivyohivyo. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake. Elewa pia kwamba uchunguzi wa kupaka siki, ambao wengi tumeufanya kliniki, hupungua nguvu baada ya kukoma hedhi kwa kuwa eneo linalotazamwa hurudi ndani ya mlango wa kizazi, na kwa mwenye kutokwa damu majibu mazuri ya siki hayatoshi. Omba altrasaundi, na ukubali kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara iwapo utaambiwa kinahitajika.

Kwa ambaye bado anaona siku zake, pedi inayolowa kabisa kila saa 1 au 2 kwa saa kadhaa, au mabonge makubwa ya damu, ni sababu ya kwenda siku hiyohiyo. Kizunguzungu na uchovu vinavyofuata huenda si vya homoni hata kidogo, bali ni upungufu wa damu.

Moyo kwenda mbio ukiambatana na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kuzirai, nenda mara moja. Jasho la usiku likiwa pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kupungua uzito au homa za jioni, pima kifua kikuu. Kuhusu malaria, joto la kukoma hedhi hupita, mara nyingi ndani ya dakika 1 hadi 5, na halipandishi kipima joto kufikia homa. Weka kipima joto nyumbani, na kikionyesha nyuzi 38 au zaidi kapime malaria, lakini usikubali kumeza dawa yake bila kupimwa. Na ukipatwa na mawazo ya kutaka kujidhuru, mwambie mtu wa karibu saa hiyohiyo akupeleke hospitali. Hilo ni tatizo la kiafya linalotibika, wala halionyeshi udhaifu wa imani.

Hatua ya 4: Shughulikia dalili moja baada ya nyingine

Viungo na bega. Wengi huamka wakiwa wamekakamaa vidole, magoti na nyayo, kisha hulegea baada ya kutembeatembea. Bega kuganda huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine, kwa hiyo bega likiganda pima sukari. Linaweza kuchukua mwaka 1 hadi 3 kuachia. Kuufunga mkono na kuuacha bila kazi huliongezea bega kuganda. Simama mbele ya ukuta, weka ncha za vidole usawa wa kiuno, kisha uvitambaze kwenda juu kama buibui anayepanda mpaka pale maumivu yanapoanza, uhesabu hadi kumi, ushuke. Fanya hivyo mara kadhaa asubuhi na jioni baada ya kulikanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto. Mtaalamu wa tiba ya viungo atakuongezea mazoezi mengine. Dawa za maumivu zisigeuke chakula, kwani diklofenaki na ndugu zake zikimezwa kwa miezi huumiza figo, hupandisha presha na huchimba vidonda vya tumbo.

Moyo. Unapousikia ukipiga, kaa, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa 2. Andika. Mapigo yanayozidi 100 mara kwa mara ukiwa umetulia, au yanayoruka bila mpangilio, yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha wingi wa damu na kipimo cha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa maana tezi hiyo ikizidisha kazi huleta joto, jasho, mapigo ya kasi na wasiwasi, picha ileile ya kukoma hedhi. Punguza kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu, hasa baada ya alasiri.

Ngozi. Kuna hisia ya sisimizi wanaotambaa chini ya ngozi ilhali ukitazama huoni kitu, na kuna mshtuko mfupi kama wa umeme unaotangulia joto la ghafla. Katika pwani yetu mwanamke anayeyasema haya huweza kuambiwa ana jini, na wengine hukaa kimya kwa kuogopa maneno hayo. Anayetaka kusomewa dua na asomewe, lakini hilo halizuii vipimo. Angalia kwanza kama kuna upele, kisha pima sukari, wingi wa damu, figo na ini. Ganzi ya miguuni inayodumu si ya kudhania, kwani kisukari huileta, na upungufu wa vitamini B12 nao huileta, jambo ambalo huweza kuwapata waliotumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Kwa mwasho wa kawaida, oga maji vuguvugu, acha sabuni zenye manukato makali, paka mafuta mwili ukiwa bado na unyevu, na lala na kanga ya pamba badala ya nguo za nailoni.

Kinywa. Ulimi kuwaka, mate kukauka, ladha ya chuma mdomoni na fizi kutoka damu vyote vinaweza kutokea. Mwonyeshe daktari wa meno ili ahakikishe hakuna fangasi, na upime madini ya chuma. Pilipili, ukwaju, achari na embe mbichi zipumzishwe kwa muda, na dawa ya meno iwe isiyo na ukali. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima.

Kumbukumbu na hisia. Neno unalolijua tangu utotoni hukataa kuja, namba ya siri ya simu ya fedha hupotea ukiwa mbele ya wakala, na chumvi hutiwa mchuzini mara mbili. Hali hii hutisha, hasa kwa aliyemuuguza mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau, lakini kwa wengi hutokana na usingizi uliokatikakatika pamoja na mabadiliko ya homoni, na hupungua baada ya muda. Tibu usingizi kwanza. Wasiwasi wa ghafla, machozi bila sababu na hasira zisizokuwa zako huwapata zaidi waliowahi kuwa na sonona, ikiwemo ile ya baada ya kujifungua. Mwambie daktari historia hiyo. Kinachotaka uchunguzi wa haraka ni kupotea katika njia unayoipita kila siku, au kusahau kunakoonekana na wengine zaidi ya kunavyoonekana na wewe.

Mkojo na uke. Hapa ndipo wanawake wengi huumia zaidi na kusema kidogo zaidi. Estrojeni ikipungua, ngozi ya uke na ya njia ya mkojo hukonda na kukauka, asidi yake ya asili hupungua, na bakteria walinzi huondoka, ndipo vijidudu vya njia ya haja kubwa hupata nafasi. Matokeo yake ni kuchomwa wakati wa kukojoa, kukimbilia choo, mkojo kuponyoka unapokohoa, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, yale tunayoyaita UTI. Tofauti na joto la ghafla, ambalo kwa wengi hupungua na miaka, ukavu huu usipotibiwa huendelea na mara nyingi huzidi.

Kwa hiyo, kabla ya antibiotiki ya tatu, omba mkojo wako uoteshwe maabara ili ijulikane kama kuna kijidudu kweli na dawa gani inakiua, kwa sababu si kila kuchomwa ni maambukizi, na dawa zinazomezwa bila kipimo hujenga usugu. Kisha uliza kuhusu estrojeni ya kuweka ukeni, ya krimu au kidonge kidogo. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, nayo hupunguza kujirudia kwa maambukizi baada ya kukoma hedhi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aanze kwa kuzungumza na daktari wake wa saratani. Kwa ajili ya tendo la ndoa tumia kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi huwasaidia baadhi ya watu, lakini huharibu kondomu za mpira.

Ninawasihi kwa moyo wote: msiweke ukeni shabu, ugoro, ndimu, magadi wala sabuni, hata kama aliyewashauri ni somo mwenye uzoefu. Shabu hukausha ngozi ambayo tayari imekauka, huichana, na michubuko hiyo huwa mlango wa magonjwa, ukiwemo UKIMWI. Maji safi kwa nje yanatosha. Na mume aelezwe kwamba ukavu huu hautokani na kukosa hamu naye wala na mtu mwingine. Nyumba nyingi zimeingia ubaridi kwa sababu neno hili moja halikusemwa.

Hatua ya 5: Nenda kwa daktari ukiwa na la kusema

Chagua mambo matatu kutoka kwenye daftari, yale yanayokuharibia maisha zaidi, na uanze nayo. Sema: "Nina miaka 48, hedhi yangu imebadilika tangu mwaka jana, na tangu wakati huo nina matatizo haya matatu. Ninaomba kujua kama yanahusiana na kukoma hedhi, na ni magonjwa gani mengine yanapaswa kupimwa." Taja kila unachomeza, pamoja na uwatu, mlonge na dawa nyingine za miti shamba. Kwa mwenye zaidi ya miaka 45 aliye na mabadiliko ya hedhi, kipimo cha homoni kwa kawaida hakihitajiki, kwa maana majibu yake hubadilika wiki hadi wiki. Fedha hiyo ni bora iende kwenye presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya thairoidi.

Wakati huohuo anza kulinda mifupa, ambayo hupungua uzito kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya kukoma. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa mgando, ulezi na ufuta vina kalisi nyingi. Kutembea haraka na kubeba uzito kiasi huimarisha mifupa kuliko kukaa.

Hatua ya 6: Fikiria tiba ya homoni bila hofu na bila pupa

Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulitangaza hatari za vidonge vya homoni wanavyopewa waliokoma hedhi, na wanawake wengi duniani wakaviacha. Umri wa wastani wa walioshiriki ulikuwa takribani miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekwisha kukoma muda mrefu. Uelewa wa sasa ni kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome, na mwenye dalili zinazomsumbua, manufaa kwa kawaida huzidi madhara. Tiba hii haiwafai wote: aliyewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, kwa kawaida hapewi. Mwenye mji wa mimba lazima apewe projesteroni, homoni nyingine ya kike, pamoja na estrojeni, kwani estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa mji wa mimba na kuweza kuleta saratani. Estrojeni ya kupaka au kubandika kwenye ngozi haiongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoweza kuiongeza. Usinunue dawa hizi kwa kuelekezwa na rafiki, wala usigawane za jirani.

Ukianza, endelea kuandika kwenye daftari na urudi kliniki baada ya miezi 3, upimwe presha na dozi iangaliwe upya. Damu kidogo isiyo na mpangilio ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo ya dawa. Ikiendelea baada ya miezi 6, au ikianza upya baada ya kuwa imekatika, rudi uchunguzwe ukuta wa mji wa mimba, hata kama dalili nyingine zote zimetulia.